Sekunde nne za giza nyuma ya trekta

Saa nane mchana, Vingunguti, Dar es Salaam. Trekta limesimama kwenye uwanja wa mchanga, tela liko nyuma yake kama mita moja. Utingo ameinama katikati, mkono mmoja umeshika pini, mwingine unainua ulimi wa tela. Dereva yuko kitini, na mbele yake skrini mpya ya kamera, ya inchi 7, inamwonyesha utingo vizuri, hadi rangi ya fulana yake.

Dereva anazungusha ufunguo.

Skrini inazimika.

Stata inaunguruma, injini inashika, kisha skrini inaanza upya. Inakuja nembo ya mtengenezaji, yanafuata maandishi ya buluu kwamba hakuna picha, ndipo utingo anaonekana tena. Ukihesabu polepole ni moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyeumia. Fundi anafuta mikono na kusema ndivyo skrini hizi zilivyo, dereva atazoea.

Wiki kadhaa sasa sekunde hizo nne haziniachi.

Skrini ingezimika trekta likiwa katikati ya shamba, isingekuwa neno. Hii inazimika mtu akiwa kati ya tairi kubwa na chuma cha tela, wakati injini ndiyo kwanza inaamka. Matrekta mengi ya siku nyingi yanayobeba mchanga, maji na kokoto hapa mjini, ile swichi inayozuia stata isizunguke gia ikiwa ndani ilishakufa ikaungwa moja kwa moja. Gia ikisahaulika ndani, stata peke yake inatosha kulirusha trekta nusu hatua. Likienda nyuma, nusu hatua hiyo ni kifua cha mtu.

Kufunga kamera za bei nafuu kwenye trekta ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye subira. Kuzifunga zisipofuke wakati huo ni kazi nyingine.

## Kamera ya kwanza itazame pini

Mwenye kamera moja kwa kawaida huipeleka mwisho kabisa wa tela, itazame mbali, kama ilivyo kwenye gari dogo. Gari dogo lina nyuma moja. Trekta lina mbili: nyuma ya tela, na ile mita moja kati ya trekta na kinachovutwa.

Nyuma ya tela utingo anaweza kusimama pembeni akapiga bodi kwa kiganja na dereva akasikia. Kwenye mita ile moja anakuwa ameinama chini ya usawa wa kiti, amefichwa na madigadi na tairi. Ni hapohapo inapozunguka shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine inayovutwa. Mwendo wake wa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde, na kinga yake ya plastiki mara nyingi imeshapasuka au imevuliwa kabisa.

Kwa hiyo kamera ya kwanza ikae chini ya ukingo wa nyuma wa paa, katikati, kimo cha mita 2 hivi kutoka ardhini. Iinamishe mpaka tairi zote mbili zionekane kwenye kingo za picha na pini iwe katikati. Lenzi ya nyuzi 120 inatosha. Zile za nyuzi 170 zinasifiwa sana dukani kwa kuona kila kitu, lakini kila kitu hicho kinakuwa kidogo, kingo zinapinda, na mtu anaonekana yuko mbali kuliko alivyo. Hilo la mwisho ni kosa kubwa kwa kamera ya kulinda mtu.

Kamera ya pili ndiyo iende nyuma ya tela. Ya tatu ifikiriwe na mwenye kijiko cha mbele tu. Kamera nne kwa trekta lisilo na kabini sizishauri: skrini ya inchi 7 ikigawanywa mara nne, kila picha inabaki na inchi tatu na nusu, na kwenye jua la saa saba hakuna anayeisoma.

Jambo moja lisilo na mjadala: usitoboe fremu ya kinga. Zile nguzo zinazomlinda dereva trekta likipinduka zimeundwa zibebe mzigo na kupinda kwa kiasi kilichopimwa. Tundu la drili, au weldi ndogo ya kushikia braketi, linazidhoofisha pasipo kuonekana. Tumia U-bolti, na ndani yake weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu. Mpira unashika, tena unameza mtikisiko ambao vinginevyo hulegeza nati na kukata waya pale unapoingia kwenye kamera. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani.

## Mita iliyomaliza ubishi

Uliza mafundi watatu kwa nini skrini inazimika wakati wa stata, utapata majibu matatu: betri imechoka, skrini ni feki, zote ziko hivyo. Mita ya kawaida ya umeme inajibu kwa dakika mbili.

Hakikisha gia iko huru, breki ya mkono imevutwa na hakuna mtu nyuma. Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Ncha nyekundu igusane na waya mwekundu wa skrini, nyeusi na waya mweusi wa skrini hiyohiyo, wala usiiguse bodi ya trekta, maana unachotaka kujua ni umeme unaoifikia skrini yenyewe. Vuta kishikio cha kuzimia ili injini isishike, kisha mtu wa pili azungushe stata kwa sekunde tatu.

Mita ikisoma 0, betri haina kosa. Waya umechukuliwa kwenye mguu wa ufunguo unaokatwa kila stata inapozunguka, uleule wa redio.

Mita ikishuka hadi 8 au 7, umeme unafika lakini stata inaula. Betri yenye afya hubaki juu kidogo ya 9 ikibebeshwa stata. Sasa geuza skrini usome maandishi ya nyuma: nyingi zimeandikwa volti 10 hadi 32. Maana yake hata betri nzuri inaweza kuizima.

Na mita ikibaki 11 huku skrini inazimika, tikisa plagi. Imelegea.

Tatizo la kwanza, la mita kusoma 0, linatibiwa na relei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa; miguu yake ina namba. Mguu 30 unapata umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 unaenda kwenye skrini, 85 kwenye ethi (upande hasi), na 86 unapata waya mwembamba kutoka mguu wa ufunguo unaobaki na umeme hata wakati wa stata, kama ule wa saa za dashibodi. Ufunguo ukitolewa, kila kitu kinalala. Hilo lina maana yake. Skrini na kamera mbili hula kama amperi 1.5; ukiziunga moja kwa moja na betri na kuzisahau saa 12 za usiku, asubuhi zimeshakula amperi-saa 18, na betri iliyokuwa ya kusuasua haizungushi tena stata.

Relei inaonekana kumaliza kazi. Haimalizi, kwa sababu ya lori.

Betri ya trekta ikifa saiti, iwe Goba au Kigamboni, msaada ulio karibu ni lori la mchanga. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa kupata 24. Anayebusti akishika ncha za mwisho za betri zote mbili, badala ya ncha mbili za betri moja, trekta linawaka kwa furaha na kamera za volti 12 zinakufa palepale. Haitoki hata harufu. Dereva anaondoka akidhani skrini imegoma tu leo.

Ndiyo maana naweka konveta, kifaa cha kusawazisha volti, hata pale ambapo mita haikuonyesha tatizo la volti kushuka. Iwe inayopokea volti 8 hadi 40 na kutoa 12 tulivu, amperi 3. Dukani sema wazi kwamba unataka inayopandisha na kushusha. Ya kushusha tu, ile ya kutoa 12 kwenye 24 ya lori, haisaidii hapa, kwa sababu umeme wa trekta ukianguka hadi 9 haina cha kushusha. Chagua iliyomiminiwa gundi ngumu ndani, isiyo na mfuniko wa skrubu. Inastahimili mtikisiko na maji.

Umeme ukianguka chini ya 8, hata konveta hii inakata. Hapo acha kamera kwanza. Safisha vichwa vya betri, fungua waya wa ethi unaoingia kwenye chasi, kwangua kutu, kaza upya, kisha pima tena.

## Nyaya

Fyuzi ya amperi 5 ikae jirani na betri, isizidi urefu wa kiganja kutoka kwenye kichwa chanya. Fyuzi iliyofichwa kule karibu na skrini inailinda skrini tu, huku mita mbili za waya wenye umeme zikipita juu ya chuma cha moto bila kinga yoyote.

Unene wa waya mkuu uwe milimita za mraba 1.5. Hesabu yake ni hii: umbali wa mita 8 ni mita 16 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 1.5, mkondo wa amperi 2 unapoteza volti 0.4 hivi. Kwa ule mwembamba wa 0.5 unapoteza zaidi ya volti 1, na siku betri ikiwa dhaifu volti hiyo moja ndiyo inayoamua skrini iwake au isiwake.

Waya mweusi wa skrini urudi hadi kichwa hasi cha betri, au pale ethi kuu inapoingia kwenye chasi. Ukiubana kwenye bolti yoyote iliyo karibu na mkono, mara nyingi utaona mistari inayotambaa kwenye picha na kuongeza kasi unapokanyaga mafuta. Hiyo ni kelele ya alteneta. Ukitaka uhakika, lishe skrini na kamera kwa betri ndogo ya pembeni huku injini inaunguruma. Mistari ikipotea, rudi kwenye ethi. Ikibaki, kebo ya kamera imepita karibu mno na alteneta au ina jeraha.

Kuhusu kuunga, kusokota waya na kuzungushia solotepu ni kujitafutia kazi. Joto la injini linayeyusha gundi, tepu inafunguka, vumbi linaingia. Kulehemu peke yake nako kuna udhaifu, kwa sababu waya unakuwa mgumu palipolehemewa na unakatika pembeni yake kwa mtikisiko. Bana kwa terminali za kubana, vika mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, kisha funga kebo kwenye chuma sentimita chache kila upande wa kiungo.

Kebo ya tela iwe na plagi pale kwenye pini, na ipite kwenye chasi ya tela, kamwe isipite kwenye bodi inayonyanyuka kumwaga mchanga. Kata kona kali kushoto, kisha kulia, mtu wa pili akiangalia. Kebo ikivutika, ongeza. Ikigusa tairi au shafti, ifupishe au ipandishe. Na uifunge kwa namna ambayo siku utingo akisahau kuchomoa, plagi itoke yenyewe kabla kebo haijakatika.

Kabla ya mtu yeyote kuchomelea kitu kwenye trekta au tela, chomoa skrini, kamera na vichwa vya betri. Mkondo wa weldi hutafuta njia ya kurudi, na nyaya nyembamba za kamera ni njia.

## Skrini ilikuwa upande usio sahihi

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka zaidi.

Karibu kila anayefunga huiweka skrini mbele, karibu na usukani, kwa sababu kwenye gari ndipo inapokaa. Lakini mtazame dereva wa trekta anapounga jembe au tela. Amegeuka. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani, kiwiliwili kimezungukia kulia, mkono wa kulia uko kwenye levi ya haidroliki, ambayo kwenye Massey Ferguson za zamani na nyingine nyingi iko upande huo. Skrini ikiwa mbele, inamwomba ageuze uso aache kuitazama hatari ili aione hatari hiyohiyo kwenye kioo.

Ihamishie nyuma kulia, juu ya madigadi, usawa wa bega, chini ya kivuli cha paa. Sasa jicho moja linaona skrini na chuma chenyewe kwa pamoja.

Ukiihamisha, picha inabidi ibadilike. Kamera za nyuma huja zikiwa zimegeuza kushoto na kulia, kama kioo cha pembeni, kwa ajili ya dereva anayetazama mbele. Dereva aliyegeuka anatazama upande uleule kamera inaotazama, kwa hiyo anahitaji picha isiyogeuzwa. Ukiiacha ya kioo, utingo akisogea kushoto, kwenye skrini anasogea kulia. Dereva aliyechoka hatapata muda wa kulifikiria hilo. Skrini nyingi zina sehemu ya kugeuza kwenye menyu. Isipokuwepo, angalia kebo ya kamera: zipo zenye vitanzi viwili vifupi vya waya, kimoja cha mistari ya kuegesha, kingine cha kugeuza picha. Soma lebo kabla ya kukata, maana rangi hazifanani kwa watengenezaji wote. Ile mistari ya kuegesha iondoe pia. Imepimwa kwa gari dogo na kwenye trekta inadanganya umbali.

Waya wa rivasi unaokuja na skrini utakusumbua, kwa kuwa matrekta mengi ya zamani hayana taa ya rivasi ya kuuchukulia umeme. Usihangaike. Iweke kamera ya pini iwe ndiyo inayofunguka kila skrini inapowaka, na swichi ndogo ya kidole iite ile ya nyuma ya tela.

Skrini ishikwe na kishikio cha kuchomoa, na plagi yake iwe karibu. Trekta la wazi likilala nje, skrini ilale ndani.

## Kabla hujalipa Kariakoo

Nenda na betri ndogo ya volti 12 na uwashe skrini na kamera pamoja, palepale kaunta. Plagi kuingiana hakuthibitishi kitu. Zipo kamera za AHD (mfumo wa picha kali) na zipo za CVBS (mfumo wa zamani, wa picha hafifu), na skrini isiyoijua AHD ya 1080 itakupa weusi au picha inayokimbia. Zile plagi za duara zenye pini nne na nati ya kuzungusha zinafanana kwa macho huku mpangilio wa pini ukitofautiana. Ya mtengenezaji mmoja inaweza kupeleka volti 12 mahali mwingine alipoweka picha. Ukichanganya, pima pini kwanza.

Kamera za ulinzi wa nyumba ni rahisi kupata na zinashawishi. Zimezoea volti 12 za adapta zisizocheza. Trekta likichaji linatoa hadi 14.4, na plagi zao za kusukuma hazikutengenezwa kwa mtikisiko. Mwenye nazo tayari azilishe kupitia konveta na asizitegemee kwa pini.

Zisizo na waya zinapunguza kazi ya kebo, lakini nyingi huchelewa. Trekta likirudi kwa kilomita 5 kwa saa linatembea mita 1.4 kila sekunde, hivyo picha iliyochelewa nusu sekunde inakuonyesha tela lilipokuwa sentimita 70 zilizopita. Tena mawimbi yakikatika, baadhi hubakisha picha ya mwisho imeganda, utingo akionekana amesimama salama pembeni ilhali ameshaingia katikati. Skrini nyeusi angalau inamwambia dereva kwamba haoni.

## Maji na chumvi

Alama ya IP67 kwenye kamera ni kustahimili kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa nusu saa. Haisemi chochote kuhusu mkupuo wa maji wa mashine ya kuoshea. Inayostahimili mkupuo huo ni IP69K, na hata hiyo usiielekezee mkupuo kwenye plagi. Karibu na bahari shaba inageuka kijani ndani ya plagi iliyofungwa vizuri kabisa, kwa hiyo paka grisi ya silikoni kwenye pini siku ya kufunga, na fungua ukague masika ikiisha. Lenzi ifutwe kwa kitambaa kibichi. Kikavu kinasugua vumbi la mchanga kama msasa.

Usiku, taa za infraredi za kamera zikimulika vumbi zinarudisha ukungu mweupe. Taa ndogo ya kazi iliyofungwa mbali na kamera, ikimulika pini kutoka pembeni, inasaidia kuliko kununua kamera nyingine.

## Kilichobaki

Konveta ikikaa, skrini haizimiki tena wakati wa stata. Sekunde nne zimekwisha. Na bado nina shaka, kwa sababu dereva anayeamini skrini huacha kuita. Zamani angepaza sauti, "Utingo, umetoka?" na kungoja jibu. Sasa anatupia jicho kwenye kioo chenye tone la tope.

Kwa hiyo kwenye kila trekta naomba makubaliano yasiyo na waya wala fyuzi: ufunguo hauguswi mpaka utingo mwenyewe atoke, asimame upande wa kulia, dereva amwone kwa macho. Skrini ni ya kumkamata aliyerudi katikati bila kuaga.

Na kabla fundi hajakusanya spana, kuna jaribio moja la mwisho. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa utingo, skrini inawaka kwa betri ndogo. Utingo achuchumae kwenye pini kama anavyofanya kila siku, ainue mkono usawa wa goti, aonyeshe vidole. Dereva, akiwa amegeuka kitini, ataje idadi. Warudie mara tano, utingo akibadilisha vidole na upande, mara moja akiwa amejificha nyuma ya tairi la kushoto. Dereva akikosea hata mara moja, U-bolti zinalegezwa na kamera inahamishwa.